Dirisha la Bi Wahiba na Kiyeyusho Kisicho na Harufu

Mgeni rasmi, Bwana Brightson Elinaza, meneja wa ile hoteli ya Mbezi Beach ambayo kuta zake zimejaa tembo wetu;
Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa;
Mama mzazi wa mgeni rasmi, tuliyekufuata Madale sie wenyewe bila mwanao kujua;
Jirani zetu wa machinjioni, mliosimama nje ya nyumba kwa sababu ya buti zenu;
Mabibi na mabwana.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Na asiye na upande, hujambo.

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu Vingunguti. Risala hii imeandikwa jana, lakini tunajua kwamba wakati unashuka garini leso ilikuwa imeshafika puani, kisha ukakumbuka kuwa unapigwa picha, ukaitumia kujifuta jasho. Tumekusamehe. Kila mgeni hufanya hivyo. Mwenyekiti wa mtaa alifanya hivyo siku anahamia hapa, na leo akienda safari anasema kwingine hewa haina chumvi.

Risala imeandikwa na Bi Wahiba, mwenye nyumba hii. Anaisoma katibu wetu Loveness, kwa sababu miwani ya Bi Wahiba ilikaliwa na Gozbert juzi. Wote tuliisikiliza mwanzo mpaka mwisho, na kila neno ni letu. Palipomhusu yeye mwenyewe Bi Wahiba alitaka kuruka. Tukamwambia, bi mkubwa, ukiruka hapo hatutoki na risala, tunatoka na tangazo la mkutano. Akaandika, huku amenuna.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki hakikuanzishwa na mradi wala semina. Kilianzishwa na dirisha.

Bi Wahiba ni mtoto wa watu wa duka. Kwao walikuwa wanauza vitambaa na udi, nyumba inanukia mpaka barabarani. Akatokea Khalfani, mchinjaji, mtu wa damu mpaka viwikoni, akaleta posa. Shangazi zake walilia kama wamefiwa. Mmoja akamuuliza, "Utamfuliaje huyo?" Bi Wahiba akajibu, "Kwa sabuni, shangazi." Akaolewa.

Marehemu Khalfani hakuwa mtu wa maneno matamu. Ila alivunja ukuta wa sebule kwa mikono yake akatia dirisha kubwa, hili hapa nyuma yangu lenye utepe, likitazama uzio wa machinjioni. Mafundi walimcheka. Nani anafungua dirisha upande wa kinyesi cha ng'ombe? Yeye alikuwa na hesabu zake. Akimaliza kazi na kuosha visu, alikuwa anasimama kwenye uzio na kunyanyua mkono mmoja juu. Bi Wahiba akiuona huo mkono, anaweka chai jikoni. Hayo ndiyo yalikuwa mahaba yao, na yalidumu mpaka Mungu alipomchukua mja wake.

Bi Wahiba alikaa eda kwenye dirisha hilo. Mwanamke aliye kwenye eda hajipaki manukato wala hajifukizi udi, kwa hiyo pua yake ilikuwa tupu, na machinjio yakaingia yote. Alfajiri damu mbichi na samadi. Jua likipanda, chumvi ya ngozi. Mchana moshi wa vichwa vinavyobabuliwa, na jioni supu. Aliijua saa ya kuswali kabla ya adhana. Wengine waliofika kumpa pole walikaa kidogo wakaaga wameziba pua kwa mtandio. Yeye harufu ile ilimliwaza. Ilikuwa inaingia kama mtu aliyerudi kazini.

Eda ilipokwisha, nyumba ikawa kimya mno. Ndipo Gozbert, mpangaji wa chumba cha uani, mtu wa Bukoba, akabisha hodi.

"Shikamoo, bi mkubwa. Naomba kuchorea picha hapa sebuleni. Chumbani kwangu tembo haenei."

"Marahaba. Tembo wangapi?"

"Mmoja tu."

"Mmoja aingie. Afute miguu."

Akaingia tembo. Baada ya tembo akaja Loveness na twiga wake, kwa sababu dari la Bi Wahiba liko juu. Wakafuata wengine, na simba, na Mlima Kilimanjaro kwa ukubwa wowote mteja anaoutaka. Bi Wahiba hachori. Ndiye mtunza rangi, ndiye mwosha brashi, na ndiye anayetuambia kama tembo amekaa kama tembo au amekaa kama kabati.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni wewe, mgeni rasmi. Tangu uanze kuchukua picha zetu, hakuna kati yetu aliyekwenda kuomba kazi ya ulinzi.

Ila ulikuja siku moja umekunja uso. Ukasema wageni wako wanalalamika picha zinanuka. Mmoja amelala na simba akaamka na kichwa kinagonga. Ukatuagiza tutafute kiyeyusho, yaani yale maji ya kulainishia rangi na kuoshea brashi, kisichokuwa na harufu. Tukatii, na tunaomba kuwasilisha ulinganisho tulioufanya.

Tulitumia pua mbili. Ya kwanza ni ya Bi Wahiba, iliyokulia kwenye udi ikakomalia kwenye samadi. Ya pili ni ya jirani Masoud, muuza utumbo, ambaye meza yake iko upande wa pili wa uzio. Pua ya Masoud haishtushwi na kitu cha kawaida. Ikilalamika, ujue kuna jambo.

Tulianza na tapentaini, tuliyokuwa tunaitumia siku zote. Inatoka kwenye utomvu wa misonobari, inakata rangi vizuri kabisa, na rangi inakauka na adabu zake. Ubaya wake tuliupata dirishani.

"Nyie wachoraji!" Masoud alipaza sauti. "Leo mmepaka nini? Mteja wangu kanywa supu anasema ina ladha ya mlango mpya!"

"Mwambie aongeze ndimu!" Loveness akamjibu.

"Kaongeza! Sasa anasema ni mlango mpya uliooshwa!"

Tukaiweka pembeni. Tukajaribu mafuta ya taa, kwa kuwa kila duka linayo. Mgeni rasmi, mafuta ya taa ni kosa. Picha inabaki inanata kama peremende iliyotemwa, na ukikaa jirani na machinjio, chochote kinachonata kinapata wageni. Yule twiga uliyetuandikia ujumbe wa kumpongeza, ukasema mzungu mmoja amesifu sana jinsi tulivyochora nzi kwenye jicho lake, tunaona leo ni siku ya ukweli. Nzi yule hatukumchora. Mungu amrehemu.

Mafuta ya mkaratusi nayo yanayeyusha rangi, hilo tunalithibitisha. Ila nyumba ilinukia kama kifua cha mtoto mwenye mafua. Majirani wakaanza kuja na uji, "Poleni, tumesikia kuna mgonjwa." Bi Wahiba hasemi uongo, na uji ulikuwa wa moto. Akasema tu, "Alhamdulillah, tunaendelea," akapokea.

Karafuu ndiyo ilimpendeza kuliko zote. Ikamkumbusha kwao. Lakini picha ya karafuu haikauki. Gozbert alimaliza tembo kabla ya mwezi kuandama, tukafunga Ramadhani, tukafungua, tembo bado mbichi. Siku ya Idi sheikh wetu alipita kutoa mkono, akaegemea ukuta kidogo kwa uchovu. Aliondoka na sikio la tembo mgongoni mwa kanzu nyeupe, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Tunamwona amesimama pale nje. Sheikh, tuwie radhi. Ndiyo sababu watoto walikufuata mpaka msikitini.

Mwisho ukaja wewe, mgeni rasmi, na yale makopo meupe ya kiyeyusho kisicho na harufu. Bi Wahiba alifungua kopo, akaingiza pua mpaka kilemba cha mtandio kikagusa. Hola. Tukamwita Masoud.

"Leo mbona hamjafungua kazi?"

"Tumefungua tangu asubuhi!"

"Waongo nyie. Sisikii kitu."

Rangi ikalainika vizuri, picha zikakauka kwa wakati, hoteli haikulalamika tena. Ukapigwa picha umeshika kopo. Tukashangilia, na tulikuwa tunashangilia kweli.

CHANGAMOTO

Sasa hapa, mgeni rasmi, tunaomba utuvumilie.

Miaka yote tapentaini ilikuwa inapigana na machinjio pale dirishani, na sie tulio ndani tulikuwa tunasikia ugomvi tu. Tapentaini ilipoondoka, machinjio yakaingia bila mpinzani, kama mama mkwe aliyeambiwa karibu.

"Jamani funga dirisha," Loveness akasema, "ng'ombe wameingia wote."

Tukamtazama Bi Wahiba. Ni dirisha lake, na kila mtu hapa anajua ni la nani. Akasimama akalifunga kwa mkono wake. Alisema moyoni, watoto wanafanya kazi, na mimi nimeshamlilia mume wangu vya kutosha.

Mgeni rasmi, sie tunaishi kwa pua. Nyama iliyochina tunaijua kabla ya kuiona. Mvua tunaijua. Gesi ikivuja kwa jirani tunaijua. Kwa hiyo kwa mtu wa Vingunguti, kisichonuka hakipo. Tukaacha makopo wazi, tukaacha ndoo ya brashi wazi, dirisha limefungwa, mlango umerudishwa, tukawa tunavuta hewa ile kutwa nzima na kusifiana jinsi nyumba ilivyo safi.

Vichwa vikaanza kuuma, tukalaumu jua. Loveness akawa anacheka peke yake, tukadhani ana mchumba. Gozbert akachora tembo mwenye masikio matatu, tukamzunguka tukasema huo sasa ndio usanii. Picha hiyo iko mapokezi kwako. Usiishushe, watu wanaipenda.

Kisha ikaja adhuhuri moja. Bi Wahiba alikuwa chumbani kwake anaswali. Yuko kwenye kikao cha mwisho akasikia kishindo. Akatoa salamu kulia, akatoa kushoto, akatoka. Gozbert alikuwa amelala kifudifudi juu ya Mlima Kilimanjaro, shavu lote kwenye theluji. Wengine walikuwa wamekaa wanamtazama tu kama watu wanaotazama televisheni. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kushangaa.

Bi Wahiba akaenda dirishani. Halikufunguka. Rangi ilikuwa imekauka kwenye kitasa. Akalipiga kwa kiganja, akalipiga kwa ngumi, akaita, "Yaa Rabbi, leo si siku yake!" Masoud akasikia upande wa pili. Akaruka uzio na buti zake, akatia ndoano ya nyama kwenye ukingo wa dirisha, akavuta. Likaachia.

Machinjio yakaingia yote, damu, samadi, moshi, supu. Bi Wahiba amemweka Gozbert kichwa mapajani, anampepea kwa upande wa kanga. Gozbert akavuta pumzi, akakunja uso, akafungua jicho moja lenye theluji.

"Supu," akasema.

"Alhamdulillah," akasema Bi Wahiba. Na Masoud akasema, "Ya utumbo au ya kichwa?"

Zahanatini daktari akauliza tulikuwa tunatumia nini. Tukamjibu kwa kujiamini, "Haina harufu, daktari."

"Sijauliza harufu. Nimeuliza kitu."

Akatueleza taratibu kama mtu anayeongea na watoto, na siku hiyo tulistahili. Akasema kiyeyusho kile wamekitoa harufu, hawakukitoa mvuke. Kinapanda hewani vilevile, kinaingia kifuani vilevile. Tapentaini kwa ubaya wake ilikuwa inatufukuza mpaka dirishani. Hiki kinatuacha tumekaa. Akasema dirisha wazi, makopo yafunikwe, na Gozbert akianguka tena ndani ya chumba kilichofungwa, yeye hatuahidi kuwa ataamka anaagiza chakula.

Sasa wewe, mgeni rasmi, hukuwa na habari hii. Hatukukuambia. Tuliogopa ukisikia mchoraji kaanguka utatafuta wachoraji wengine. Ulichosikia ni kwamba wanunuzi wakija kuona kazi hawapendi harufu ya upande ule. Ukapiga simu kwa moyo mzuri kabisa: utaleta matofali uzibe dirisha, utatia kiyoyozi, utaweka na kibao chenye jina lako. Bi Wahiba akajibu, "Sawa mwanangu, leta." Alijua mkataba mpya uko mkononi mwako, na alijua nani humu ndani anasubiri mkataba huo ale.

Matofali yakashushwa. Jioni ile Loveness alimkuta Bi Wahiba amekaa dirishani, hajajifukiza udi, hajajipaka hata mafuta ya nazi.

"Bi mkubwa, vipi? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona umekaa hivyo?"

"Nalikalia eda dirisha."

Mgeni rasmi, kikundi kilikutana asubuhi yake. Hakuna aliyebishana.

MAOMBI

Ombi letu ni dirisha. Usilizibe.

Kiyoyozi tumeuliza. Aina ile inazungusha hewa iliyomo ndani, haitoi. Tukikaa humu na kiyoyozi na kiyeyusho kisicho na harufu, tutaanguka kwenye baridi. Ukipenda kutusaidia, tuletee feni la kusukuma hewa kwenda nje. Masoud ameshasema yuko tayari kuipokea.

Kiyeyusho chako hatukikatai. Katika ulinganisho wetu ndicho kilichofanya kazi kama tapentaini bila kuharibu supu ya mtu. Tutakitumia kidogo, kopo limefunikwa, dirisha wazi. Brashi sasa tunaosha kwa mafuta ya alizeti, tunafuta, tunamalizia na sabuni ya kipande, kama alivyokuwa anafuliwa marehemu Khalfani. Kwa hiyo tunaomba sabuni. Nyingi. Brashi ya Gozbert ina mambo.

Tunaomba pia picha zikae barazani zipigwe upepo mpaka zitulie ndipo uzichukue. Usitume gari kusema meneja anataka tembo leo leo. Tembo wa leo leo ndiye anayempa mgeni wako kichwa. Na ikibaki harufu ya ng'ombe kidogo, mwambie mgeni ukweli, kwamba tembo huyu alipita Vingunguti.

Tunajua unaweza kukataa. Wachoraji wako wengi mjini, na wenye madirisha mazuri. Ukienda kwao tutaumia, hatutajifanya hatuumii. Lakini tumempima Gozbert na mkataba, na Gozbert ana masihara mengi, hasomeki, anakalia miwani ya watu, ila tumezoea kumwona amesimama.

KABLA YA KWENDA KWENYE RATIBA

Ratiba uliyotumiwa inasema sasa mgeni rasmi ataweka tofali la kwanza. Matofali yapo, hayajaibiwa hata moja. Umeyakalia. Hayo yaliyofunikwa kitambaa cha meza, chini yako, ndiyo yenyewe. Mwenyekiti wa mtaa naye ameyakalia, na mama yako tumemweka katikati, kwenye rundo kubwa kuliko yote, na mto juu yake. Ukitaka bado kuziba dirisha, utamwambia yeye asimame. Sisi hatuwezi. Shikamoo, mama.

Saruji tuliona itaganda, tukajengea kizingiti cha dirisha. Ni kipana, mtu anaweza kuweka kikombe.

Utepe tumeufunga dirishani. Mkasi anao Bi Wahiba. Ukishakata, sukuma kwa nguvu, kisha vuta pumzi mpaka mwisho bila leso. Ukiona kule kwenye uzio mtu ananyanyua mkono mmoja juu, usidhani anakutisha. Ni Masoud, tumemwomba. Ni ishara ya zamani ya nyumba hii, na maana yake ni kwamba chai iwekwe jikoni.

Mwenyezi Mungu akupe kifua kipana na pua isiyodanganyika. Awape wageni wako usingizi chini ya simba wetu. Amrehemu Khalfani bin Hija, aliyevunja ukuta huu, na atuache sote tumesimama mpaka chai iive.

Ni sisi,
Kikundi cha Wachoraji wa Rangi ya Mafuta,
Dirishani kwa Bi Wahiba, Vingunguti.